Itafuteni Tezi Kabla ya Kushika Kisu

Hotuba kwa matabibu, wauguzi, wakunga na mafundi wa maabara, Mombasa

Waheshimiwa madaktari, matabibu wa zahanati za Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu, Nyali na Mvita, wauguzi, wakunga, mafundi wa picha na wa maabara, nanyi wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za shingo: asalaam aleikum, na hamjambo.

Tumekuja na jambo moja. Mtu akija kwenu na uvimbe katikati ya shingo, au kinundu chekundu kwenye shina la ulimi, kabla hajaguswa na kisu ulizeni: tezi yake ya thairodi, ile ya shingoni inayotengeneza homoni, iko wapi? Madhara mengi tutakayoyataja leo hutokea kwa sababu swali hilo halikuulizwa. Saratani tutaifikia, maana tunajua ndiyo iliyowaleta wengi wenu, lakini saratani katika maumbile haya ni nadra. Kumng'oa mtu tezi pekee aliyojaaliwa, ukidhani unamtoa kifuko cha maji, hilo linaweza kutokea siku yoyote, katika chumba chochote cha upasuaji.

Thairodi haianzii shingoni. Inaanzia mwisho wa ulimi, kiasi cha siku ya 24 baada ya mimba kutungwa, kwenye kishimo ambacho kila mmoja wetu bado anacho pale ulimi unapokutana na koo. Kutoka hapo inateremka mbele ya shingo, na nyuma yake inaacha mfereji mwembamba unaoiunganisha na ulimi. Njiani inapita mbele ya mfupa wa hayoidi, ule mfupa mdogo uliopinda juu ya kikoromeo. Mfupa huo unaumbika wakati huohuo, kwa hiyo mfereji hushikamana nao, na pengine hupita ndani yake kama uzi kwenye ushanga. Kufikia wiki ya 7 tezi imetua mahali pake, mbele ya bomba la hewa, pande mbili na daraja jembamba katikati. Baina ya wiki ya 10 na ya 12 inaanza kutengeneza homoni. Mfereji nao hunyauka ukapotea.

Hiyo ndiyo njia ya kawaida. Kila tatizo tunalolizungumza leo ni safari hiyo kuharibika mahali fulani. Tezi inaweza kubaki palepale ulimini, au ikakwama katikati. Ni nadra, lakini huweza pia kupitiliza ikaingia kifuani. Inaweza kuumbika upande mmoja tu, au isiumbike kabisa. Na mara nyingi zaidi kuliko yote hayo, tezi inafika salama lakini mfereji haufi. Kati ya watu wazima 100, kama 7 wana mabaki ya mfereji huo, na wengi wao huishi na kuzeeka bila kujua.

Kuna na kitu kingine kinachowatisha watu bure: ncha ya tezi inayopanda juu kutoka kwenye daraja, kuelekea hayoidi. Karibu nusu ya watu wanayo. Si ugonjwa. Lakini daktari wa upasuaji anayetoa tezi yote kwa sababu ya saratani akiisahau ncha hiyo, ameacha thairodi ndani. Kisha kipimo cha damu cha thairoglobulini, protini inayotengenezwa na seli za thairodi, hakishuki inavyotakiwa, na mgonjwa anahangaishwa kwa miezi akidhaniwa saratani imerudi.

Sasa mgonjwa ameketi mbele yako. Mkalishe wima, kidevu kimeinuka kidogo, umpe maji kwenye kikombe. Simama nyuma yake, weka vidole viwili vya kila mkono katikati ya shingo, mwambie anywe funda moja. Kitu kilichoshikana na thairodi au na mfereji wake hupanda akimeza. Kisha hamia mbele, shika uvimbe baina ya kidole gumba na cha shahada, umwambie afungue kinywa na atoe ulimi nje mpaka mwisho. Uvimbe ukivutika juu ulimi unapotoka, huo umefungwa na ulimi, na kwa kawaida ni kifuko cha mfereji, yaani kifuko cha maji kilichoota kwenye mabaki ya ule mfereji. Watu hukosea kwa kumwambia mgonjwa atoe ulimi kabla ya kufungua kinywa. Taya linaposhuka, shingo yote inasogea na huwezi kujua kilichovutwa ni nini. Kinywa kwanza, tulia, ndipo ulimi.

Usisahau kumulika kooni. Bonyeza ulimi kwa kijiti na utazame nyuma kabisa. Kinundu cha rangi nyekundu au ya waridi, laini juu, chenye mishipa mingi ya damu, kilichokaa katikati ya shina la ulimi, ni thairodi mpaka ithibitike vinginevyo. Anayekuja nacho hulalamika kwamba chakula kinakwama, sauti imekuwa ya mtu aliyejaza kitu kinywani, anakoroma, au anatema damu kidogo. Kwa wanawake hali hii ni nyingi kuliko kwa wanaume, na mara nyingi hujitokeza wakati wa kubalehe au wa ujauzito, kwa kuwa ndipo mwili unapodai homoni zaidi na tezi ile ndogo inavimba ikijitahidi.

Baada ya mkono, picha. Altrasaundi ya shingo haina mionzi, haina sindano, na ipo hata katika hospitali ndogo. Lakini tunazo ripoti nyingi zinazosema tu "kifuko cha maji katikati ya shingo, sentimita 2 kwa 2" na sahihi chini. Ripoti hiyo irudisheni. Fundi wa picha aandike kwa sentensi kamili: thairodi ipo mahali pake au haipo, pande zote mbili zipo au upande mmoja, na vipimo vya kila upande. Kwa mtu mzima upande mmoja huwa na urefu wa sentimita 4 hadi 6 na unene usiozidi kiasi cha 2. Kisha aseme kama ndani ya kifuko kuna sehemu ngumu, na kama tezi za limfu za chini ya kidevu na za pembeni zimekuwa za mviringo au zimeharibika. Ni dakika 10 za ziada. Pasipoonekana tezi mahali pake, hapo ndipo panapohitajika skeni ya nyuklia, ile ya kumpa mgonjwa teknesiamu au iodini yenye mionzi kidogo, ambayo itaonyesha thairodi popote ilipojificha, kuanzia ulimini hadi kifuani.

Mbona tunasisitiza hivi? Kati ya tezi zote zilizokosea mahali, kama 9 kwa 10 huwa ulimini. Na kati ya watu wenye tezi ya ulimini, kama 7 kwa 10 hawana thairodi nyingine yoyote mwilini. Ukiikata ile, umemaliza. Mtoto atasinyaa akili na kimo, mtu mzima ataanza kuvimba uso, kusikia baridi hata mwezi wa Februari hapa Mombasa, na kulala mchana kutwa, na hakuna atakayeunganisha hali hiyo na "kinyama kidogo" kilichotolewa mwaka uliopita. Zaidi ya hapo, kinundu kile kina damu nyingi. Kukata kipande cha kupima pale zahanati, bila maandalizi ya njia ya hewa, ni kuomba msiba.

Tezi ya ulimini isiyomsumbua mtu haihitaji kisu. Apimwe TSH, ile homoni ya ubongoni inayoiamuru thairodi ifanye kazi, apewe levothairoksini, yaani vidonge vya homoni ya thairodi, ikiwa TSH imepanda, na tezi yenyewe kwa kawaida hupungua taratibu kwa miezi. Upasuaji ni wa wanaoziba pumzi, wanaotoka damu, wanaoshindwa kumeza, au wanaoshukiwa saratani. Saratani ndani ya tezi ya ulimini haifiki 1 kwa 100.

Tuje kwenye kifuko cha mfereji, kwa sababu ndicho mtakachokiona zaidi. Ni uvimbe wa kuzaliwa unaoongoza kwa wingi katikati ya shingo, na wengi huonekana utotoni, aghalabu chini kidogo ya hayoidi. Mara nyingi huletwa baada ya mafua, umejaa usaha, mwekundu, unauma. Na hapa ndipo kosa la kwanza hufanyika: unatumbuliwa kama jipu. Kifuko kikitumbuliwa hakiponi. Kinabaki na tundu linalotiririka ute, ngozi inashikamana na vilivyo chini, na upasuaji wa baadaye unakuwa mgumu maradufu. Mpeni dawa ya kuua viini. Usaha ukiwa mwingi, nyonyeni kwa sindano. Subirini wiki 6 hivi shingo itulie, ndipo apelekwe kwa daktari wa upasuaji.

Kosa la pili ni la chumba cha upasuaji: kutoa kifuko peke yake. Mkia wa mfereji unabaki ndani ya hayoidi na ulimi, na uvimbe unarudi kwa karibu nusu ya waliofanyiwa hivyo. Daktari Sistrunk wa Marekani alieleza mwaka 1920 njia ambayo mpaka leo haijapata mpinzani, na ikifanywa vizuri wanaorudi ni wachache, 3 hadi 5 kwa 100.

Tutaipitia polepole, kwa ajili ya vijana wanaojifunza. Mgonjwa analazwa chali, mto chini ya mabega, kichwa kimerudi nyuma. Ngozi inapasuliwa kwa kufuata kunjo la shingo, juu ya kifuko. Kifuko kinazungukwa bila kutobolewa, na mkia wake unafuatwa hadi kwenye hayoidi. Hapo misuli inatenganishwa na sehemu ya katikati ya mfupa, na mfupa unakatwa kulia na kushoto, sentimita moja hadi mbili za katikati zikitoka pamoja na kifuko. Usiende mbali zaidi pembeni, kwa maana huko ndiko unakopita mshipa wa fahamu unaoendesha ulimi. Kisha msaidizi anaingiza kidole kinywani na kusukuma shina la ulimi literemke, na mpasuaji anachonga nguzo ya nyama ya ulimi, upana kama sentimita moja, kuelekea kile kishimo cha mwanzo. Anafunga, anashona, anaacha mrija wa kutolea damu.

Yapo mawili ya kuogopwa. Kwa mtoto mchanga hayoidi hukaa chini sana, imeufunika ukingo wa juu wa gegedu la kikoromeo, na mpasuaji asiye makini hukata gegedu la kikoromeo akidhani ni hayoidi. Hilo ni janga la sauti na pumzi kwa maisha yote. Lishikeni gegedu kwa kidole kabla ya kukata, na mkihisi shaka hata chembe, simameni. La pili ni damu inayojikusanya chini ya ulimi usiku wa kwanza. Muuguzi wa zamu akisikia mgonjwa anavuta pumzi kwa mlio, au akiona ulimi umeinuka, asisubiri asubuhi. Amwite daktari saa hiyohiyo na shingo ifunguliwe.

Kilichotoka chote kiende maabara. Chote, pamoja na kile kipande cha mfupa, ndani ya fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya nyama yenyewe. Chupa ya dawa ya kikohozi iliyojazwa nyama pomoni na vijiko viwili vya fomalini haifai. Nyama huoza katikati na ripoti hurudi haina maana. Fungeni uzi upande wa juu, ule wa ulimini, na mwandike hivyo kwenye fomu.

Kwa nini kuhangaika na maabara kwa kitu kinachoonekana wazi kuwa ni maji? Kwa sababu kati ya vifuko 100, kama kimoja kina saratani, na mara nyingi haijulikani mpaka patholojia, maabara inayotazama nyama kwa darubini, iseme. Ukutani mwa kifuko huwa na vijisehemu vya thairodi, na thairodi popote ilipo inaweza kupata saratani ileile ya thairodi ya kawaida. Zaidi ya 8 kwa 10 ni aina ya papilari, inayokua polepole. Wengi wa wanaoipata ni watu wazima, wanawake kuliko wanaume, umri wa miaka 40 hivi. Chache ni za seli bapa, kama za ngozi, na hizo ni kali. Zinataka upasuaji mpana na mara nyingi mionzi. Saratani ya aina ya medula hatuitarajii humo, kwa kuwa seli zake huingia kwenye thairodi kwa njia nyingine kabisa, zikitoka pembeni mwa koo la kiinitete, na hazipiti kwenye mfereji. Ripoti ikitaja medula ndani ya kifuko cha mfereji, ombeni vipande vitazamwe upya.

Dalili za kukutia wasiwasi kabla ya upasuaji ni kifuko kigumu, kisichosogea, kilichoanza kukua ghafla ukubwani, tezi za limfu zilizovimba, au altrasaundi inayoonyesha kinundu kigumu kimening'inia kwenye ukuta na vitone vya chokaa ndani yake. Sindano ya kunyonya seli inasaidia ikielekezwa kwenye kinundu hicho kwa macho ya altrasaundi. Ikipigwa ovyo inanyonya maji na kuuacha ukuta, kisha jibu linarudi "hakuna saratani". Jibu hilo lisiwalaze usingizi.

Tuseme ripoti imerudi: papilari. Je, atolewe na thairodi yote? Hapa madaktari hubishana, nasi tuna upande. Mgonjwa akiwa chini ya miaka 45, uvimbe wa saratani haufiki sentimita 1.5, umebaki ndani ya ukuta, kingo za kilichokatwa ni safi, thairodi haina kinundu kwenye altrasaundi na tezi za limfu ziko sawa, upasuaji wa Sistrunk umetosha. Afuatiliwe kwa altrasaundi kila miezi 6 hadi 12. Kikikosekana kimoja muhimu, kwa mfano saratani imetoboa ukuta, au kuna kinundu kwenye thairodi, au aliwahi kupigwa mionzi shingoni utotoni, basi tezi itolewe yote, na tezi za limfu zilizoathirika, na iodini yenye mionzi, inayoua masalia ya thairodi, ifikiriwe. Kutoa thairodi ya kila mtu kwa woga si tahadhari. Kunamwachia mtu vidonge vya maisha, na hatari ya kupoteza sauti, na hatari ya kalsiamu kushuka mpaka vidole vinakakamaa. Na hii ni saratani ambayo zaidi ya 9 kwa 10 ya wenye nayo wako hai miaka 10 baadaye.

Mtu mwenye thairodi upande mmoja tu hatatuchelewesha. Ni wachache, 1 au 2 kati ya watu 1,000 au pungufu, na upande unaokosekana kwa kawaida ni wa kushoto. Jueni hivi: kwenye skeni ya nyuklia anaonekana kama mwenye kinundu kinachofanya kazi kupita kiasi na kuuzima upande wa pili, kumbe upande wa pili haupo. Altrasaundi humaliza ubishi. Na akitakiwa kutolewa upande huo kwa sababu yoyote, aambiwe mapema kwamba huko ni kutolewa yote.

Lakini kuna jambo la pembeni mwa shingo ambalo lazima tulipigie kelele. Vitabu vya zamani vilisema thairodi inaweza kupotea ikaangukia ubavuni mwa shingo, na kwamba ni umbile la kuzaliwa lisilo na madhara. Tupeni fikra hiyo. Thairodi iliyokutwa ndani ya tezi ya limfu ya pembeni ni saratani ya papilari iliyosambaa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama thairodi yenyewe inaonekana nzima, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa cha milimita chache. Hapa kwetu uvimbe wa pembeni unapewa dawa za kifua kikuu haraka, na tunaelewa sababu. Kifua kikuu cha tezi za limfu kipo kweli. Ila mpime kwanza. Na mtu mzima mwenye kifuko cha maji ubavuni mwa shingo, ambacho wengi wangekiita umbile la kuzaliwa, anyonywe kwa sindano, na maji yale yapimwe thairoglobulini. Ikiwa juu, mmeshapata jibu.

Wengine mtauliza kama kuna uhusiano wa ndani zaidi baina ya umbile lililoharibika na saratani. Upo wa aina mbili. Wa kwanza ni TSH. Tezi ndogo, au iliyokaa pasipo mahali pake, au iliyozaliwa ikishindwa kutengeneza homoni, huchapwa na TSH miaka nenda miaka rudi. Inavimba, inatoa vinundu, na ndani ya vinundu hivyo saratani hupata nafasi. Hili huonekana hasa kwa watoto wenye rovu, yaani uvimbe wa thairodi, la kuzaliwa ambao hawakupewa dawa mapema. Mwenzetu wa patholojia naye aambiwe historia yao, kwa maana rovu la namna hii chini ya darubini hutisha: seli zimejaa, viini vyake vikubwa na vya ajabu, na limewahi kuitwa saratani wakati silo.

Walimu wa watoto viziwi tunawaomba watazame shingo. Kuna ugonjwa wa namna hiyo ulioelezwa na daktari Pendred mwaka 1896, uziwi wa kuzaliwa unaofuatana na rovu linalojitokeza baadaye. Hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, kwa hiyo hujitokeza zaidi panapooana mabinamu, nasi hatusemi hili kumshutumu mtu. Wazazi wote wawili wakiibeba jeni hiyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwenye ugonjwa.

Uhusiano wa pili ni wa jeni zinazoijenga tezi tumboni. Jeni za FOXE1, NKX2-1 na PAX8 zikiharibika, thairodi inaweza isishuke au isiumbike. Mwaka 2009 uchunguzi uliofanywa Aislandi ulionyesha kwamba tofauti ndogo karibu na FOXE1 na NKX2-1 huongeza uwezekano wa saratani ya thairodi kwa watu wa kawaida. PAX8 nayo hukutwa imeungana na jeni nyingine katika baadhi ya saratani za folikula, aina nyingine ya saratani ya thairodi. Ni elimu yenye faida, lakini msimpeleke mtu kupima jeni kwa ajili ya kifuko cha shingo. Pesa hiyo ilipe altrasaundi.

Wakunga, zamu yenu. Mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa homoni ya thairodi ikiwa haimtoshi, na wengi wao, kama 8 kwa 10, ni kwa sababu tezi haipo au imekosea mahali. Tone la damu ya kisigino baina ya siku ya 2 na ya 5 hutosha kumgundua. Kipimo hicho bado si kawaida ya kila wodi ya wazazi, basi macho yenu ndiyo kipimo: manjano inayopita wiki 2, ulimi mnene, kitovu kilichochomoza, choo kigumu, kilio kizito, na mtoto anayesifiwa na jirani zote kwa upole kwa sababu halii na analala tu. Dawa, ileile levothairoksini, ianze kabla ya siku 14, mikrogramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kidonge kikisagwa kwenye kijiko na maziwa kidogo ya mama. Kisitiwe ndani ya chupa nzima ya maziwa, kwa kuwa asipoimaliza hamtajua amekunywa kiasi gani.

Kwa mtu mzima asiye na tezi kabisa, dozi ni kiasi cha mikrogramu 1.6 kwa kila kilo kwa siku, na TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Kidonge ni cha tumbo tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Vidonge vya damu vya kliniki ya wajawazito na vya kalsiamu vikae mbali saa 4. Mwenye kufunga Ramadhani ana njia mbili: anywe usiku, zikipita saa tatu baada ya chakula cha mwisho, au aamke nusu saa kabla ya daku. Kunywa pamoja na futari ni kuitupa dawa. Mwanamke anayeitumia akikosa hedhi, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Aongeze vidonge viwili kwa wiki, yaani 9 badala ya 7, kisha aje apimwe. Na kopo lisiwekwe dirishani wala juu ya friji. Dawa hii inataka chini ya nyuzi 25, na joto letu la Machi huiharibu kimyakimya, TSH ikapanda na mgonjwa akalaumiwa kwamba hanywi.

Anayeandaliwa kupewa iodini yenye mionzi hupunguza iodini ya chakula kwa wiki moja hadi mbili. Hapa pwani hilo ni gumu kuliko bara: samaki wa baharini, kamba, pweza, ngisi, mayai, maziwa, na chumvi yoyote iliyotiwa iodini, pamoja na ile ya mawe ya baharini. Aliye na mimba haipewi kabisa. Anayenyonyesha aache kunyonyesha angalau wiki 6 kabla, na asirudi kumnyonyesha mtoto huyohuyo.

Mwisho, karatasi. Kila aliyetolewa uvimbe wa shingo aondoke na nakala ya ripoti ya patholojia mkononi, na picha ya altrasaundi ya kabla ya upasuaji, hata kama jibu ni zuri. Akihamia Lamu au Voi, daktari wa huko asianze kubahatisha ni nini kilichotoka na ni nini kilichobaki. Sasa maswali, aliyekuja na picha ya altrasaundi leo aanze yeye, tuitazame pamoja hapa mezani.